Husuda: tuhesabu kwa haki, kisha tutoe



Ndugu msomaji, sidhani kama kuna mada inayorudiwa katika misikiti yetu ya mijini kuliko husuda. Khatibu anapanda mimbari, anatukumbusha hadithi mashuhuri iliyomo katika Sunan Abi Daud inayofananisha husuda na moto unaokula kuni (wanachuoni wameizungumza sanadi yake, ingawa maana yake haina mgogoro), watu wanatikisa vichwa, swala inaswaliwa, na kabla viatu havijavaliwa mlangoni mazungumzo ni yale yale. Fulani kapata wapi fedha za kujenga ghorofa? Fulani kateuliwa kwa sifa gani? Mbona mtoto wa fulani ndiye aliyepelekwa kusoma nje?

Tatizo letu si kwamba hatujui kuwa husuda ni haramu. Tunajua. Tatizo ni kwamba tunaambiwa "acha husuda" kama vile mgonjwa wa malaria anavyoweza kuambiwa "acha homa". Hakuna anayetuambia inaachwaje. Katika makala hii nataka kuzungumzia namna ya kuiacha, na nitatoa mifano kutoka wilaya mbili ambazo wasomaji wengi wa mjini wamezipita usiku wakiwa usingizini ndani ya basi: Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Ya kwanza ndiko nilikozaliwa, ya pili ndiko nilikoanzia kazi ya ualimu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Husuda ni kutamani neema ya mwenzako imuondoke, iwe itakuja kwako au haitakuja. Kutamani na wewe upate mfano wa alichopata mwenzako bila kutaka kimtoke hiyo huitwa ghibta, na wala si dhambi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametaja watu wawili wanaofaa kuonewa wivu wa namna hiyo: aliyepewa mali akawa anaitumia katika haki, na aliyepewa elimu akawa anahukumu kwayo na kuifundisha. Kwa hiyo anayeona gari la jirani akasema "Inshaallah na mimi" hana kosa. Kosa ni la yule anayesikia gari la jirani limegonga nguzo akahisi kifua kimepoa.

Mimi niliwahi kuhisi kifua kimepoa namna hiyo nikiwa na umri wa miaka minane.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, ndani ya muda wa kama saa 24. Mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea kwao na vita ilikuwa imefika karibu na mpaka. Nyumbani kwetu hapakuwa mbali na barabara. Nakumbuka magodoro vichwani, mbuzi, baiskeli, na ukimya, maana sikuwahi kuona watu wengi kiasi kile wakitembea bila kupiga kelele. Mama mmoja na watoto wake wawili walilala jikoni kwetu siku kama nne. Hawakuwa Waislamu. Baba hakuuliza. Walikula tulichokula, ndizi na maharage, kisha wakaenda kwenye kambi ya Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Leo Benaco ni kituo cha malori na nyama choma. Wakati ule ilitajwa kuwa ndiyo kambi ya wakimbizi kubwa kuliko zote duniani, na haikupita muda mrefu wakimbizi wilayani Ngara wakawa wengi kuliko sisi wenyeji.

Miezi michache baadaye nilikwenda Benaco na mama kuuza ndizi. Tukamkuta mtoto mkubwa wa yule mama, wa rika langu. Alikuwa na blanketi. Jipya, la kijivu, zito. Kwao walikuwa na turubai la plastiki la bluu, sufuria mpya na debe la mafuta ya kupikia. Walipata mahindi na maharage ya mgao. Walipougua walitibiwa bure hapo hapo kambini, wakati sisi tulitembea kwa miguu hadi hospitali ya misheni, na tukifika tunaulizwa pesa. Mimi nilikuwa nalala na wadogo zangu wawili chini ya shuka moja.

Siku iliyofuata niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba wa yule mtoto, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa muuaji.

Naomba msomaji apime uzito wa neno lile. Ni kweli kabisa kwamba miongoni mwa waliovuka daraja walikuwemo watu waliokuwa na damu mikononi, na jambo hilo linajulikana. Ni kweli pia kwamba walikuwemo akina mama, wazee na watoto wengi mno wasio na hatia yoyote. Mimi sikujua lolote kuhusu baba yake yule mtoto. Nilijua blanketi tu. Lakini husuda haiji na kusema "nataka blanketi". Inakuja imevaa joho la hakimu. Maneno yangu yakazunguka, yakafika kambini, na yule mama akaja kwetu akilia. Nilipomwona analia, kabla ya kuogopa, ndipo kile kifua kilipopoa. Nimekisimulia kitendo hiki kwa watu wachache sana, na nakiandika leo nikikaribia miaka arobaini kwa sababu sijui namna nyingine ya kueleza ugonjwa huu unavyofanya kazi.

Mama yangu hakunichapa. Alikata mkungu mmoja wa ndizi, akanitwisha kichwani, akaniambia niupeleke Benaco peke yangu, niwape, niseme nimesema uongo. Ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Wiki iliyofuata mkungu mwingine. Mara ya tatu sikutumwa. Nilikwenda mwenyewe, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameniahidi kunifundisha kutengeneza mpira wa makaratasi ya nailoni. Desemba 1996 Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi ule. Wakarudi kwa daraja lile lile walilojia, na sikumwona tena.

Nilipokuja kusoma chuo kikuu, ndipo nilipoisoma kwa makini Suratul Hashr, aya ya 9. Nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa. Ndani yake Allah (SWT) anawasifu Answari wa Madina kwamba wanawapenda waliohamia kwao, wala hawaoni dhiki vifuani mwao kwa walichopewa wale wahamiaji, na wanawatanguliza wengine kuliko nafsi zao hata wakiwa wao wenyewe ni wahitaji. Wafasiri wanaeleza kwamba mali iliyopatikana kwa Bani Nadhir katika mwaka wa nne Hijria iligawiwa Muhajirina, na katika Answari wakapewa wachache tu waliokuwa mafukara. Yaani wenyeji wanakaa, wanatazama wageni wakigawiwa mashamba katika mji wao wenyeji, na vifua vyao havina kitu. Kwa mtu wa Ngara aya ile ni habari ya nyumbani. Ni Benaco ile, isipokuwa vifua ni vingine.

Kwa nini vifua vyao vilikuwa tofauti na cha kwangu? Tumezoea kujibu kwamba wale walikuwa masahaba, tukafunga mjadala. Jibu hilo ni la heshima lakini halitusaidii. Mimi naona jibu liko katika mpangilio wa mambo. Answari hawakusubiri vifua visafike ndipo watoe. Walianza kutoa tangu mwaka wa kwanza. Walipounganishwa udugu na Muhajirina, Saad bin Rabii (RA) alimwambia Abdurrahman bin Auf (RA) wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka na kumuuliza soko liko wapi. Basi mali ya Bani Nadhir ilipogawiwa miaka mitatu baadaye, Answari waliwatazama wale Muhajirina kama mtu anavyomtazama mdogo wake aliyemsomesha. Kufanikiwa kwao kulikuwa na jasho lao ndani yake. Ni vigumu sana kumhusudu mtu ambaye umeweka chako kwake.

Kutoa, hata hivyo, hakutoshi bila kuhesabu kwa haki. Waarabu wana neno insafu, yaani kumpa kila mmoja nusu yake, ukiwemo wewe mwenyewe na yule usiyempenda. Hasidi si mtu asiyejua hesabu. Anahesabu vizuri sana, ila anahesabu upande mmoja wa daftari. Mimi nilihesabu blanketi, sufuria na debe la mafuta. Sikuhesabu nyumba iliyoachwa, shamba lililoachwa, baba asiyejulikana alipo, na kulala chini ya plastiki kwa miaka miwili na zaidi. Kama ningeambiwa nibadilishane naye daftari zima, blanketi pamoja na yote, ningekimbia.

Insafu hiyo hiyo inatudai tumhesabie mwenyeji pia. Kuna watu, hasa wasomi na watumishi wa mashirika, walioona kila mwenyeji wa Ngara aliyelalamika kuwa ana roho mbaya. Hilo si sawa. Misitu iliyozunguka kambi ilikatwa kwa kuni. Ndizi ziliibwa mashambani. Bei zikavurugika: mwaka 2010 watafiti Jennifer Alix-Garcia na David Saah walichapisha uchunguzi wao kuhusu Kagera, wakaonyesha kwamba bei za vyakula ambavyo havikuwemo katika msaada, kama ndizi za kupika, ziliongezeka sana. Mwaka 2014 watafiti wengine wawili, Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, wakaonyesha kwamba walioumia zaidi walikuwa vibarua wa mashambani, kwa sababu wakimbizi walikubali kazi ile ile kwa ujira mdogo, huku chakula kikipanda bei. Wakulima wenye mashamba na mazao ya kuuza, hao walikuwa katika nafasi nzuri ya kunufaika.

Sasa fikiri. Kibarua asiye na shamba, aliyekuwa akilima kwa siku na kupata ujira wake, akaja kuukosa kabisa au kulipwa sehemu tu, akilalamika, huyo ni hasidi? La hasha. Huyo ameumia, na anayemwita hasidi amemdhulumu mara ya pili. Lakini nakumbuka pia wafanyabiashara wa kwetu waliouza ndizi, bia na mbao kambini, wakajenga nyumba za bati na kununua magari, na bado jioni wakikaa kibarazani walikuwa wa kwanza kusema wakimbizi wametuharibia wilaya. Maneno yao na ya kibarua yalifanana neno kwa neno. Kilichotofautiana ni daftari. Ndiyo maana nasema husuda haijulikani kwa sauti ya malalamiko, inajulikana kwa hesabu ya anayelalamika. Na kwa kuongezea tu, utafiti wa baadaye wa Maystadt na Gilles Duranton, uliochapishwa mwaka 2019, umeonyesha kwamba faida ilibaki kwa wenyeji hata baada ya wakimbizi kuondoka, na sababu kubwa ni barabara zilizojengwa wakati ule. Barabara ile wala hatukuihesabu. Tulipita juu yake tukienda kulalamika.

Mtume (SAW) ametuonyesha jinsi ya kumtendea mwenye malalamiko. Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa nane Hijria, aligawa ngawira akawapa wakubwa wa Kikureshi na wa makabila ya Kiarabu ambao ndiyo kwanza wameingia katika Uislamu, wengine ngamia mia mia. Answari hawakupata kitu. Ni Answari hao hao waliosifiwa katika Suratul Hashr! Safari hii vijana wao wakanung'unika. Mtume (SAW) hakusema "nyie mna husuda". Aliwakusanya peke yao, akawakumbusha neema walizozipata kupitia kwake, kisha, kwa mujibu wa mapokezi ya Imam Ahmad na ya wanahistoria wa Sira, akawaambia kwamba wao pia lau wangetaka wangeweza kumjibu, na wangekuwa wakweli, kwamba alikuja kwao amekadhibishwa wakamsadiki, na amefukuzwa wakampa maskani. Yaani aliwasomea upande wao wa daftari kwa ulimi wake mwenyewe. Ndipo akawauliza kama hawaridhiki watu wengine warudi kwao na kondoo na ngamia, na wao warudi na Mtume wa Allah. Wakalia mpaka ndevu zikalowa. Viongozi wetu, wa serikali na wa misikiti, wangejifunza kiasi gani kutokana na kikao kile! Kwetu mtu akihoji mapato ya msikiti jibu la kwanza ni "huyo ana wivu".

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya Ngara niguse jambo linaloweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji. Sisi Waislamu wa nchi hii tuna madai ya miaka mingi kuhusu elimu na ajira, na kuhusu mkataba wa maelewano uliosainiwa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma za elimu na afya. Wapo wanaotujibu kwamba hayo ni husuda tu. Mimi ni katika wanaoamini kwamba madai hayo yanastahili kujadiliwa kwa hoja, na kumwita mtu hasidi si hoja. Lakini nikijigeukia sisi wenyewe nauliza: tunapolipitia jambo hili vibarazani, tunataka watoto wetu waongezewe, au tunatamani shule ya misheni ianguke? Mwenye kudai haki hutaka cha kwake. Mimi binafsi nilizaliwa katika hospitali ya misheni, na dada yangu aliponea pale pale. Nikiliacha hilo nje ya daftari langu nitakuwa nadai haki kwa hesabu ya uongo, na sidhani kama madai yetu yanahitaji msaada wa namna hiyo.

Turudi Kagera. Nilidhani baada ya mikungu ile ya ndizi nimepona. Husuda haina chanjo, ndugu msomaji.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu mgeni wilayani Biharamulo, nikifundisha Maarifa ya Uislamu na somo jingine katika shule ya sekondari. Katika senta niliyoishi palikuwa na mwenye duka, Muislamu, mwenye mashine ya kusaga na pikipiki mbili. Alikuwa ananizidi umri kwa miaka michache tu. Darasa la saba hakumaliza. Mimi nina shahada, mshahara wangu unaisha tarehe kumi, na nakopa sukari kwake. Juu ya hayo alinunua mikeka na kipaza sauti cha msikiti, akachaguliwa mweka hazina, na siku za Idd yeye ndiye anayeketi mstari wa mbele kando ya imamu, wakati mimi ndiye niliyeandika khutba inayosomwa. Kila nilipomwona nilipata kitu kama kiungulia. Nilikuwa na sababu zangu nzuri tu: kwamba hajui hata kusoma Suratul Fatiha sawasawa. Unaliona lile joho la hakimu?

Mwezi Julai mwaka ule Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Kwa insafu niseme kwamba Serikali haikuota tu. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewachosha watu, na wengi tunakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi kupita katika mapori ya Biharamulo. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini mipaka yetu kule si mstari uliochorwa kati ya watu wa sura mbili. Kihangaza na Kishubi ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Watu wameoana, wamehama, wengine wazazi wao walivuka tangu kabla ya Uhuru. Kwa kumsikiliza mtu au kumtazama huwezi kujua. Itabidi uulize majirani. Na hapo ndipo kila mwenye kijicho alipopata mdomo wa serikali.

Yule mwenye duka mama yake alitoka ng'ambo. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa. Jioni moja watu wawili wa senta walikuja kwangu. Hawakuniomba niseme uongo, maana hata shetani haanzii huko. Waliniomba tu, nikiulizwa, niseme kwamba mimi ni mgeni na simfahamu vizuri. "Mwalimu, neno lako lina uzito." Mmoja wao alikuwa anakitaka kiwanja chenye mashine.

Nilipoulizwa nilisema hivyo hivyo. Ni kweli nilikuwa mgeni. Ni kweli sikumfahamu vizuri. Maneno yote yalikuwa ya kweli na yote yalikuwa uongo.

Aliyemwokoa ni bibi kizee mmoja, mkunga wa jadi, ambaye senta nzima ilijua ugomvi wake na mwenye duka. Kila mwezi alikuwa anamlalamikia kuhusu mizani. Anapima kilo pungufu, anasema, na nafikiri alikuwa na haki. Wale waliotaka kiwanja walimtegemea yeye kuliko mtu yeyote. Bibi alisimama mbele ya watu na fimbo yake akasema: "Mizani yake ni mbovu. Lakini kitovu chake nilikikata mimi, katika nyumba ile pale, mwaka wa njaa." Akataja mashahidi, wawili wakiwa hai. Kisha akaongeza kwamba bado anadai nusu kilo yake ya sukari.

Nimefundisha Suratul Maida, aya ya 8, mara nyingi sana darasani, ile inayotuamrisha kwamba chuki tuliyo nayo kwa watu isitufanye tukaacha uadilifu. Nimeitoa katika mitihani. Bibi yule hakuwahi kukaa katika darasa la mtu yeyote, na sidhani kama alikuwa anaijua namba ya aya.

Imam Ghazali, katika Ihyaau Ulumid-Din, ameweka mlango mzima kuhusu hasira, kinyongo na husuda, na dawa anayoitaja ya husuda ni ya elimu na ya amali pamoja. Ya elimu ni kujua kwamba husuda inamdhuru mwenye nayo, wala haimpunguzii kitu anayehusudiwa. Ya amali ni kujilazimisha kutenda kinyume cha inachotaka. Ikikutuma umseme vibaya, msifu. Ikikutuma umnyime, mpe. Anakiri kwamba mwanzoni utakuwa unajikalifisha, na kwamba kujikalifisha huko hatimaye hugeuka tabia. Wapo wanaosema huo ni unafiki. Mimi naona ni kama mtu anayekunywa kwinini. Hakuna anayemwita mnafiki kwa kuwa hakufurahia ladha.

Wanachuoni wamehitilafiana kama anayemhusudu mtu analazimika kumweleza na kumwomba msamaha. Wengine wanasema kama imebaki moyoni, atubu kwa Mola wake tu, asimchafue mwenzie roho. Yangu haikubaki moyoni, ilipanda hadi mdomoni. Hata hivyo sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nilichofanya nilimwambia nitawafundisha watoto wake wawili hesabu na Kiingereza, jioni, bila malipo. Akashangaa, akakubali. Wiki za kwanza nilifundisha huku natazama saa. Nilikuwa najisikia mjinga: mwenye shahada anakwenda nyumbani kwa tajiri kufundisha bure, na bado anakopa sukari. Nilikuwa nasoma dua kwa ajili yake kwa jina, kwa sababu nimefundishwa hivyo, na ulimi unakuwa mzito.

Sikumbuki kiungulia kiliondoka lini. Ninachokumbuka ni siku matokeo ya darasa la saba yalipotoka na binti yake akafaulu kwenda kidato cha kwanza. Nilikimbia mwenyewe kwenda dukani kumpa habari, nikamkuta anapima mchele, nikamwambia, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele zaidi yake. Alinunua soda za watu wote waliokuwepo. Nikanywa yangu nikimtazama, na pikipiki zake mbili zimeegeshwa pale nje, na kifua changu hakikuwa na neno. Mwaka uliofuata, nikiwa nahama, nilimweleza nilichosema mwaka 2013. Alinyamaza kwa muda, akasema alikuwa anajua tangu siku ile.

Sasa naishi mjini, na huku blanketi na mashine za kusaga zina majina mengine. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu amepata nafasi ya masomo ya juu ambayo na mimi niliiomba. Nimekaa nikaandika pande zote mbili za daftari, kama ninavyowaagiza wanafunzi wangu. Upande wake umetoka mrefu kuliko nilivyotarajia: ana machapisho mawili, mimi sina hata moja. Nimemwahidi vitabu vyangu viwili atakavyovihitaji. Kimoja nimempelekea juzi. Cha pili bado kipo mezani kwangu.